Gavana, Sekretari na Kidevu cha Kalehe

Hakuna aliyeniomba niandike kumbukumbu hizi. Lakini nimestaafu, mikono yangu imezoea kuwa na kazi asubuhi, na mke wangu amekataa nimguse nywele. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yenu vijana mnaoshika sasa salon yangu ya Bagira. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini kwenye picha ya ukutani nimeshika rasoir mbili, vile vishikio vya wembe, ilhali kwenye droo mlikuta moja tu. Nilikuwa nawajibu kwamba mteja anasubiri. Sasa hakuna mteja anayenisubiri, kwa hiyo jibu nitalitoa lote.

Mambo ya fedha sitayagusa. Anayetaka kujua kama kazi hii inalipa aitazame nyumba yangu akiwa barabarani. Ina ghorofa, na ghorofa hiyo imejengwa kwa ndevu za watu.

Nilizaliwa hapa hapa Bagira, nikaenda Ubelgiji bila shangazi wala mjomba wa kunipokea. Nilifagia ngazi za majumba, nikaosha sahani, na kwa kazi hizo nikajilipia shule ya vinyozi. Wenzangu waliosafiri wakati ule walisomea sheria. Leo wako nyumbani wanabishana na televisheni. Mimi nilirudi na diploma. Ndiyo ile iliyo kwenye fremu juu ya kioo, yenye muhuri mwekundu, na nawaomba muifute vumbi kila Jumatatu. Mimi ni kinyozi wa kwanza wa Bagira mwenye diploma ya kunyoa ndevu. Nasema wa kwanza kwa heshima tu, maana wa pili bado sijamwona.

Mwalimu wangu alikuwa Madame Odile, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mwashi, aliyekuwa amenyoa wanaume tangu ujana wake na hakuwaogopa hata kidogo. Siku yangu ya kwanza alinipa puto lililojazwa hewa, akalipaka povu la sabuni na kuniambia nilinyoe. Puto likapasuka, povu likanijaa machoni. Akaleta lingine, nalo likapasuka. Kufikia jioni sakafu ilikuwa imetapakaa vipande vya mpira, kama sikukuu ya watoto iliyoishia kwa ugomvi.

Tatizo langu mlijue, kwa sababu ndilo tatizo lenu. Nilikuwa nasukuma. Sisi tulikua tukinyolewa kwa wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole, au kwa rasoir za plastiki ambazo upepo unaweza kuzichukua. Usiposukuma, hazikati. Mkono wa mtu wa Bagira umefundishwa kusukuma tangu utotoni. Madame Odile alinishika kifundo cha mkono, akaniambia maneno ambayo nimewarudia mpaka mmechoka: "Usisukume. Siyo gari lililokwama."

Kisha akatoa mfukoni rasoir yake mwenyewe, ya chuma cha pua, nzito kama kufuli la ghala. Akanionyesha kuishika kwa vidole karibu na mwisho wa mpini na kuiacha iteremke yenyewe, kazi yangu ikiwa ni kuiongoza tu. Nikafanya hivyo. Puto halikupasuka. Nilitokwa na machozi, lakini macho yangu yalikuwa bado na sabuni, na mpaka leo nasema ilikuwa sabuni.

Nilipopata diploma, Madame Odile alinipa rasoir ile ile. Aliniambia mikono yake imeanza kutetemeka, na chuma kizito kinataka mkono uliotulia. Kisha alinigeuzia mgongo akaanza kuosha brashi ambazo zilikuwa safi tayari. Rasoir hiyo nikaiita Gavana, kwa sababu ni mzito, anang'aa, na anapopita watu husimama. Ya pili niliinunua mwenyewe kwenye soko la vitu vilivyotumika. Ni ya alumini, ile ile ya sufuria, na ukiishika unadhani umeshika mpini peke yake. Nikaiita Sekretari. Sekretari hana sura wala kishindo, lakini ofisi nzima inamtegemea.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapoharibu shingo za wakristo. Wembe ni ule ule mmoja, wa pande mbili, uwe ndani ya Gavana au ndani ya Sekretari. Kinachobadilika ni mkono. Gavana hukata kwa uzito wa kichwa chake. Anafaa shavu lililonyooka, na anafaa ndevu nene za mtu ambaye hajanyoa tangu Pasaka. Hapo anateremka kama mtu anayejua njia, na ngozi inabaki laini kabisa. Lakini ulaini huo ndio hatari yake. Ndevu zetu zimejikunja. Ukizikata chini mno, hasa shingoni, ncha inarudi ndani ya ngozi na kuotea humo, na baada ya siku chache mteja ana vipele kama amelalia maharage.

Sekretari hana uzito wa kukusaidia, kwa hiyo ni lazima wewe uwepo. Faida yake ni kwamba unasikia kila unywele unapokatika. Unajua mahali pa kulegeza na mahali pa kuacha. Shingoni, chini ya taya, na kwenye ile pembe chini ya pua, mchukueni Sekretari. Fuateni upande zinakolala ndevu, ngozi msiivute, na msirudie mahali kwa sababu tu mteja anajipapasa na kulalamika. Mkimaliza, jiwe la shabu na maji baridi. Ni hayo tu, na nilivuka bahari kuyajua.

Shida ni kwamba watu wa hapa hawampendi Sekretari. Mnajua desturi yetu: mteja anakuja na wembe wake mfukoni, anaufungua mwenyewe mbele ya kinyozi, ndipo kinyozi anaufunga kwenye rasoir. Ni desturi nzuri, iendelezeni. Lakini nilipofungua salon wateja waliongeza ya kwao. Mtu akishanipa wembe, ananyoosha kiganja apewe na rasoir. Anaipima juu na chini kama anapima kuku sokoni. Akipewa Gavana, anatikisa kichwa taratibu na kukaa vizuri. Akipewa Sekretari, ananitazama kama nimemtukana. Fundi mmoja wa magari aliniuliza kwa upole: "Maître, mimi niko baba ya batoto. Unaninyoa na kijiko?"

Nilijaribu kuwaeleza. Niliwaonyesha diploma. Walisema diploma ni nzuri, lakini Gavana ni mzito.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati Tonton Balthazar, kama tulivyomwita kwa heshima, alipokuja kukaa kwenye kiti changu na kuniambia kwamba anataka kuoa. Balthazar alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi, mjane kwa miaka mingi, mtu mpole mwenye tabia ya kusahihisha hata mabango ya dukani. Alikuwa amempenda Noella, muuguzi wa Kalehe, na Noella alikuwa amekubali. Aliyekuwa hajakubali ni Papa Mugisho, mjomba wa Noella, aliyemlea baada ya baba yake kufariki, na ambaye bila neno lake hakuna mbuzi angepokelewa. Mjomba alikuwa amemwona Balthazar mara moja tu, kwa mbali, akatuma neno kwamba hatatoa msichana kwa muzee mwenye unga kidevuni.

Kweli, ndevu za Balthazar zilikuwa zimegeuka nyeupe kabisa. Asipozinyoa kwa siku moja, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyechungulia gunia la muhogo. Na shingo yake ilikuwa ya vipele. Akifika Kalehe na ndevu, ni muzee. Akifika na vipele vinavyotoka damu, ni muzee mgonjwa. Aliniomba nisafiri na ujumbe uliokuwa ukipeleka dot, yaani mahari, nimnyoe asubuhi ya siku yenyewe. Nilikubali. Katika kazi yangu yote sijawahi kusikia kinyozi mwingine wa Bukavu aliyewekwa kwenye ujumbe wa posa kwa sababu ya taaluma yake.

Jumamosi alfajiri nilimnyoa hapa Bagira, tukaondoka na magari mawili, mbuzi, vitenge vya mashangazi, koti na kofia ya mjomba, na vibidoni vya kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo bila yake wazee hawafungui mdomo. Tulipofika mji mdogo wa Miti, lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara. Tulikaa pale mpaka mbuzi wakaanza kutuzoea. Tulifika Kalehe jua linazama, na tukaambiwa kwamba wazee wa kutupokea wameshaondoka. Tulale, tupokelewe kesho baada ya misa.

Asubuhi Balthazar alitoka nje na unga wake kidevuni. Aliketi kwenye stuli nyuma ya jiko, nikaomba maji ya moto, nikapiga povu. Kunyoa shingo kama ile siku mbili mfululizo si kazi ya kila mtu. Aliomba Gavana shingo nzima, kwa ajili ya heshima. Nikamwambia Gavana atanyoa mashavu, shingo ni ya Sekretari, na kama hataki anaweza kumwita kinyozi mwingine mwenye diploma katika eneo lote la Kalehe. Akainua kidevu. Nilifanya kazi polepole, na nusu ya ukoo ilikuja kutazama, watu wameshika vikombe vya chai. Nilipomfuta, Balthazar alikuwa ameshuka umri. Hata Maman Nsimire, shangazi wa Noella, mwanamke wa maneno machache, alimzunguka mara moja na kusema, "Ah, bon."

Ndipo Papa Mugisho akaja. Alikuwa mkulima mrefu, mwenye ndevu ngumu za kujikunja, na shingo iliyoharibiwa na nyembe za kila aina. Alimtazama Balthazar. Kisha akaona Gavana amelala juu ya taulo, anang'aa kwenye jua. Akamchukua. Akamweka kiganjani, juu, chini. Nilinyoosha mkono kumpokea.

"Iko nzito," alisema.

"Ni chuma ya Ulaya, papa," Balthazar akajibu, kwa kiburi kama vile ni yeye aliyeosha sahani Ubelgiji.

"Bon. Inabaki hapa, pamoja na mbuzi."

Vijana wangu, nyinyi mnajua jinsi dot inavyokwenda. Mkwe akitaka kitu kiongezwe, kitu hicho kinaongezwa, au watu wanapandisha mbuzi wao garini na kurudi walikotoka. Msemaji wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu, aligundua ghafla kwamba kiatu chake kimefunguka. Balthazar alinivuta pembeni kwa mkono wa shati.

"Maître," alininong'oneza, "chuma Ulaya iko mingi. Noella iko moja."

 Ulaya kuna chuma kingi, ni kweli, lakini Madame Odile naye alikuwa mmoja. Nilirudi kwa mjomba, nikampa Sekretari, nikamwambia kwamba huyu ndiye anayefaa shingo yake na nitamwachia kwa moyo wote. Alimrusha kidogo hewani, akamdaka.

"Hii iko ya kukoroga chai," alisema, akanirudishia.

Hapo elimu ilinisaidia, kama inavyonisaidia siku zote. Nilimwambia: papa, usinyimwe wala usidanganywe. Keti. Nitakunyoa shavu moja na upande mmoja wa shingo kwa nzito, upande wa pili kwa nyepesi. Wewe ufumbe macho. Nikimaliza, jipapase, uchague upande ulionyolewa vizuri zaidi, na rasoir iliyonyoa upande huo itabaki Kalehe. Alikubali mbele ya watu wote. Ndani yangu nilikuwa nimetulia kabisa, kwa sababu shingo ile nilikuwa nimeshaisoma. Kwa ndevu za namna ile, Sekretari hashindwi. Gavana angelala Bagira usiku ule.

Upande wa kulia nilimnyoa kwa Gavana, kwa haki, bila hila yoyote. Upande wa kushoto nilimchukua Sekretari na kufanya kazi ambayo Madame Odile angekuja kwa miguu kuitazama.  Watu wote walikuwa wamesimama, wote macho wazi, wanaona ni rasoir ipi imepita wapi. Aliyefumba macho alikuwa mmoja tu.

Papa Mugisho alijipapasa kulia. Akajipapasa kushoto. Akarudi kulia, akakunja uso kidogo pale penye vipele. Akarudi kushoto, na mkono wake ukakaa huko kama umefika nyumbani. Tabasamu likaanza, na mimi nikaanza kumkunja Gavana kwenye kitambaa chake.

"Ni hii," alisema, bado amefumba macho. "Hii upande ya kushoto. Hii njo ya ile nzito. Nilisikia uzito yake mpaka mu meno."

Alifumbua macho. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Mbuzi mmoja alilia, na kwa mara ya kwanza tangu Miti nilimshukuru. Kama ningesema ukweli, Gavana ni wangu: mkataba ulikuwa mbele ya mashahidi. Lakini mjomba angekuwa amekosea mbele ya ukoo wake mzima, nyumbani kwake, siku ya dot, kwa sababu ya kinyozi aliyeletwa na muzee mwenye unga. Mbuzi wangepanda gari pamoja nasi. Balthazar alikuwa amesimama nyuma ya mjomba, kidevu chake safi kikinielekea, na hakuniomba kitu. Mtu aliyezoea kusahihisha kila kosa alikuwa analitazama kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kukutana nayo, na amefunga mdomo.

Nilimkunjua Gavana kutoka kwenye kitambaa.

"Umejua, papa," nilisema. "Wengi hawawezi kujua."

Nikamweka mkononi mwake. Uani watu wote walipumua kwa pamoja, kasiksi ikafunguliwa, na mchana Balthazar alipewa neno lake. Noella alipotoka kutusalimu alimtazama kidevuni kwanza, kisha machoni, na nadhani aliridhika na vyote viwili. Tulipokuwa tunapanda gari, Maman Nsimire alinikaribia kama anayeniaga tu.

"Papa coiffeur," alisema kwa sauti ya chini, "ile nyepesi uichunge muzuri. Ni yenyewe ilioa."

Nilifika Bagira na droo yenye rasoir moja. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikinyoosha mkono kumtafuta Gavana, kama mtu anayetafuta jino lililong'olewa kwa ulimi. Wateja waliuliza yuko wapi, nikawajibu kwamba yuko kwenye ziara ya kikazi. Ajabu ni kwamba, kwa kukosa cha kupima, walianza kukaa kimya na kunyolewa na Sekretari, na vipele vya Bagira vikapungua. Nilijipongeza.

Halafu, Jumamosi moja, Papa Mugisho akaingia salon. Alikuwa amepanda gari kutoka Kalehe, kofia ya dot kichwani, na shingo yake ilikuwa kama imekwaruzwa na kuku. Alikuwa amejinyoa mwenyewe. Alikuwa amesukuma, tena kwa chuma kile, na Mungu peke yake ndiye anayejua alivyobakiwa na koo. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua taratibu, na ndani yake alikuwa Gavana.

"Haijaharibika," aliniambia. "Ila imezoea mukono yako."

Akaketi, akanipa wembe wake, akafumba macho mwenyewe bila kuambiwa. Nilimshika Gavana. Uzito ulikuwa ule ule. Nilimgonga kwenye beseni, ting, kama mtu anayesafisha povu, nikamlaza juu ya taulo, nikamchukua Sekretari. Mjomba alishusha pumzi. Akasema anausikia uzito. Nikamwambia ndiyo, papa.

Tangu siku hiyo huja kila mwezi, siku zile nilizokuwa nikiwatuma nyinyi sokoni, na Gavana hufanya ziara yake Bagira, anapokelewa, anagongwa kwenye beseni, anarudi Kalehe ndani ya leso. Picha ile ya ukutani ilipigwa mojawapo ya siku hizo, mteja akiwa amesinzia. Balthazar na Noella wana watoto wakubwa sasa, na Balthazar ananyolewa kwa Sekretari bila kuuliza chochote. Papa Mugisho amezeeka, ndevu zake ni nyeupe kuliko zilivyokuwa za Balthazar, na katika familia yote hakuna aliyethubutu kumtajia habari ya unga.

Sasa ni zamu yenu. Atakuja, hajui bado kwamba nimestaafu, mwambieni kwa upole, na mwambieni mlifundishwa na mimi. Mwacheni afungue wembe wake. Akifumba macho, mgongeni Gavana kwenye beseni, kwa nguvu kidogo, maana siku hizi hasikii vizuri. Kisha mchukueni Sekretari, na msisukume. Akisema anausikia uzito, mnajua la kujibu.

Na mkimaliza, kabla ya kumrudisha kwenye leso, fungueni kichwa cha Gavana, mkaushe vizuri mpaka ndani ya nyuzi za skrubu, mtie tone la mafuta. Hakikisheni mikono yenu ni safi. Anakaa Kalehe, lakini ni wa Madame Odile.